Vuta Kidogo Kabla Hujafungua Koki

Tumaini mwanangu, mama yangu mdogo,

Pokea salamu kutoka huku Rexdale, Toronto, kwenye meza ile ile ya jikoni, mguu wake mmoja bado umewekewa karatasi ili usiyumbe. Sisi hatujambo. Baba yako yuko kazini na foklifti yake ya kubebea mizigo. Mimi leo nina zamu ya jioni kule ghalani, kwa hiyo nina asubuhi nzima ya kukaa na kukuwaza. Chai nimeipika, imepoa. Nimeipasha, imepoa tena.

Leo ndiyo siku yako ya kutoa maji machafu ya gari-nyumba kwa mara ya kwanza, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Niliahidi mbele ya baba yako kwamba sitakupigia simu kukuuliza habari ya mpira wa kuyatolea. Simu nimeiweka juu ya kabati, ndani ya lile bakuli la bati la kukandia chapati, na nimelifunika na sinia. Lakini kuandika sikuahidi kitu.

Najua kusoma Kiswahili unakwenda nako polepole. Soma kwa sauti, utanisikia. Na usishtuke ukiambiwa na watu kwamba wameisoma barua yako, maana Mzee Pereira anataka kuiweka kwenye gazeti letu la jumuiya, ukurasa wa nyuma. Anasema siku hizi wako watu wetu wengi wananunua haya magari-nyumba, wanayapeleka kambini, na hawajui kufunga mpira wa maji machafu. Nikamwambia, Mzee, mimi niliishia darasa la nne, nitaandika nini. Akasema, "Andika unavyogombeza. Inatosha."

Basi kwa hao watakaosoma wasiotujua, nieleze kidogo. Huyu ni binti yangu wa pekee. Amemaliza unesi, amepata kazi Alberta, katika mji mdogo ambao nyumba za kupanga zinapatikana kwa taabu. Akaamua atakwenda na gari-nyumba letu la zamani, akae nalo kwenye kambi ya huko mpaka apate nyumba, kabla theluji haijaanza. Peke yake. Toronto mpaka Alberta, anaendesha mwenyewe, analala njiani.

Nilikataa, unakumbuka. Nilikwambia panda ndege kama watu. Wewe ukasema, "Mama, nitaweza." Nikakuuliza utaweza nini, ukasema kila kitu. Nikakuuliza na mpira wa maji machafu utauweza? Ukainamia sahani. Pale penye kuinamia sahani ndipo nilipokushika. Ndipo baba yako akaweka kijiko chini na kutoa hukumu yake: "Tufanye hivi. Akifika kambi ya kwanza akae siku mbili tatu, aoge, apike, atumie choo, halafu afunge mpira na kutoa maji mwenyewe. Bila kutupigia simu, na sisi bila kumpigia. Akiweza, anaendelea na safari. Akishindwa, anageuza gari anarudi, na tunampandisha ndege. Mama Tumaini, umekubali?"

Nikakubali. Na hiyo kambi ya kwanza ndiyo hapo ulipo leo, huko juu ya Sudbury, kando ya ziwa.

Mwanangu, unakumbuka tulivyolipata gari hilo? Ulikuwa huna meno mawili ya mbele. Mzee Pereira alikuwa anaishi peke yake baada ya mkewe kufariki, na gari lilikuwa limekaa tu kwenye yadi ya Downsview katikati ya maghala. Siku moja baada ya misa akamfuata baba yako kwa sababu alimsikia anataja Korogwe. Yule Mgoa alizaliwa Tanga, akawa karani wa bandari, na Kiswahili chake ni cha zamani, kisafi, mpaka mimi naona haya kuongea mbele yake. "Mimi siendi tena kambini," akasema, "lakini gari halipendi kukaa bure." Akatupeleka Downsview kulitazama. Wewe ukakimbilia kitanda cha juu, na baba yako akakimbilia usukani. Mimi nikauliza choo kiko wapi, na kinachoingia humo kinakwenda wapi.

Mzee akafurahi kuulizwa. Akatuzungusha upande wa nyuma, akapiga magoti kwenye lami na suruali yake ya kanisani, akatuonyesha. Kuna tangi mbili chini ya gari. Moja inapokea ya choo, koki yake nyeusi. Nyingine inapokea maji ya kuogea na ya vyombo, koki yake ya kijivu. Zote mbili zinatokea mdomo mmoja. Mdomo huo una vijino viwili, na mpira una masikio mawili, kila sikio linakamata jino lake, unazungusha mpaka ukaze. Mwisho wa pili unakwenda kwenye shimo la kambi, ardhini. "Koki nyeusi ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa," akasema. "Siku hiyo ndiyo mnafungua." Baba yako akaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee. Na mimi nikaitikia.

Halafu tukaenda Ziwa Huron, safari yetu ya kwanza, na mimi nikafanya nilivyolelewa.

Nilibeba kopo. Baba yako akacheka, "Mpaka huku umeleta kopo?" Nikamuuliza ni choo gani amewahi kukiona bila kopo. Na maji ya kusukuma nikawapimia nusu kopo kila mtu, na nikasimama mlangoni kuhakikisha. Mimi nimekua nikibeba maji kichwani, mwanangu. Ndoo ya maji niliijua uzito wake kabla sijajua kuandika jina langu. Kuona maji mazuri yanamwagwa mengi kusukuma kitu kidogo, moyo wangu haukukubali.

Na ile koki nyeusi, nikaingia ndani, nikatazama meza tunayolia chakula, nikatazama kitanda chako, nikafikiria kuna tangi la mambo chini yetu na sisi tunasonga ugali juu yake. Nikamwambia baba yako, toka nje ukafungue koki, iwe wazi muda wote. Uchafu haulali ndani ya nyumba yangu.

"Mama Tumaini, lakini Mzee alisema ifungwe."

"Mzee ni mjane. Nani wa kumwambia habari za usafi?"

Baba yako akaenda akafungua. Nilikaa kwa raha zangu. Kila jioni nilichungulia ule mpira, nikaona maji yanapita, nikajisifu. Kumbe yalikuwa yanapita maji peke yake. Mambo yenyewe yalikuwa yamebaki nyuma kwenye tangi, yanarundikana, yanakauka. Wasomaji mnisamehe kwa mfano huu, lakini palikuwa kama ugali uliosahauliwa kwenye sufuria. Ilipofika siku ya nne choo kikagoma. Wewe ukatoka umejifunga kanga yangu puani, macho tu ndiyo yanaonekana, ukasema, "Mama, kuna kitu kimekufa."

Baba yako akampigia Mzee Pereira. Mimi nilisimama pembeni, nikasikia kicheko kwenye simu, halafu kikohozi cha kicheko. Kisha akaomba azungumze na mimi. Maneno yake nimeyashika mpaka leo.

"Bibie, huyo aliye ndani ya tangi mchukulie kama mgeni. Mgeni unampa maji ya kutosha. Unamwacha alale. Siku yake ya kuondoka ikifika unamfungulia mlango mara moja na anatoka moja kwa moja. Nani anampokea mgeni akamwachia mlango wazi wiki nzima na akamnyima maji?"

Hata mimi nisingempokea mgeni hivyo.

Akatupa dawa yake. Tufunge koki, tujaze maji mengi, halafu baba yako aendeshe gari taratibu kuzunguka barabara za kambi, akate kona, afunge breki, akate kona, ili maji yachezecheze mle ndani. Unakumbuka, Tumaini? Sufuria zilikuwa zinashuka kabatini moja moja. Baba yako amekodoa macho kama anaendesha basi la abiria. Mimi nimeshika mwiko na chupa ya mafuta. Na wewe umejibana kwenye kiti cha nyuma unaimba mapambio ya shule ya Jumapili kwa sauti yote, breki ikifungwa unapiga makofi. Palikuwa na yule bibi wa Kizungu amekaa nje ya hema lake na mbwa wake. Kila tukipita anatupungia mkono, na sisi tunampungia. Kila mzunguko. Ukaniuliza, "Mama, anajua tunafanya nini?" Nikakwambia, "Hajui. Wewe endelea kumpungia."

Tulipofunga mpira tena na baba yako akavuta ile koki nyeusi, wote tulikuwa tumeinama tunatazama kile kipande cha plastiki kinachoonyesha ndani. Kikajaa kwa kishindo. Ulirukaruka kama timu yetu imefunga goli. Baba yako akavua kofia.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatutaji tangi, tunataja mgeni. Jioni kabla ya kula baba yako anauliza, "Mgeni amekunywa?" na mimi namwaga kopo zima, tena mawili. "Mlango umefungwa?" Umefungwa. Ulikua na maneno hayo mpaka siku moja mwalimu wako akaniuliza shuleni kama ni kweli tuna mgeni anaishi chini ya gari. Sikujua nianzie wapi. Nilisema ni ndugu wa upande wa baba.

Lakini la mgeni sina wasiwasi nalo, hilo unalijua vizuri. Wasiwasi wangu ni masikio.

Safari ya pili, Jumapili, tumetoka kusali na watu wa pale kambini, baba yako akasema afunge mpira haraka tuondoke. Alikuwa amevaa vile viatu vyake vya kahawia vya kanisani, vilivyong'arishwa mpaka unajiona. Sikio moja likakamata jino lake. La pili likakaa tu juu juu, ukitazama unaona limekamata. Akafungua koki. Nisiseme zaidi. Ulikuwa umesimama na mimi pale mlangoni, na ulimwona baba yako anatoka kwenye vile viatu bila kufungua kamba, anaviacha vimesimama peke yake, anakwenda na soksi mpaka kwenye bomba. Wewe ukauliza kwa upole, "Baba, mgeni amekasirika?"

Ndiyo maana nimekuimbia miaka yote hii: ukishafunga, vuta kidogo. Kabla hujagusa koki yoyote. Shika mpira pale unapoungana na gari, vuta kama unavyomvuta mtoto mkono wakati wa kuvuka barabara. Mpira ukitoka, koki bado zimefungwa, hakuna aliyeumia, unaurudisha. Macho yanadanganyika lakini mkono unajua.

Na mimi, mwanangu, kazi hiyo niliipenda nikaifanya yangu. Nilikuwa na kanga yangu ya kazi ya mpira, yenye maua yaliyofifia. Nilikuwa na glavu zangu za njano, nikazipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kila kidole ili mtu asije akazirudisha jikoni. Mpaka kambini watu wakanijua. Ulikuwa na miaka kumi na sita pale nilipomwona yule kijana jirani mpira wake umelala chini kama chatu, umejaa mabonde, maji yamesimama katikati. Sikuweza kupita. Nilichukua vipande vya kuni nikaanza kuupangia, huku juu, huku chini kidogo, ushuke kwa mteremko mpaka shimoni. Wewe ukaingia ndani, ukapanda kitanda cha juu, ukavuta pazia, na ukatangaza kwa Kiingereza kwamba yule mama wa nje humjui.

Yule kijana akaja baadaye kutushukuru kwa mahindi ya kuchoma. Ukashuka kitandani ulipoona amebeba kitoto cha mbwa. Ghafla ukanijua.

Nacheka peke yangu hapa. Lakini nikikumbuka vizuri, katika safari zote hizo hakuna hata siku moja uliyofunga mpira wewe. Uliushika, ndiyo. Nikauchukua. Ulisema, "Mama, nipe mimi," nikasema, "Utajichafua." Ulipokuwa mdogo nilisema ukikua. Ulipokua nikasema una mitihani. Sikuwa na ubaya. Niliona ni kazi ya mama, kama vile mama anavyokula kichwa cha samaki, wengine wale mnofu.

Basi ndiyo tukafika siku ile pale yadi ya Downsview, tulikoliweka gari miaka yote, kabla hujaondoka. Baba yako alisema sasa Tumaini afunge, sisi tutazame. Ulipiga magoti palepale Mzee Pereira alipopigia magoti. Ulivaa glavu. Ulitazama koki zote mbili kama zimefungwa, ndipo ukafungua kifuniko. Vizuri sana. Ukachukua mpira, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Baba yako akanipa chupa ya chai. "Shika," akasema. "Mikono miwili." Nikashika chupa ile kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Ukazungusha. Ukakaza. Ukasimama, ukasema, "Tayari." Hukuvuta.

Nikasema, "Tumaini, hujavu—" Ukasema, "Mama, najua." Baba yako akanitazama. Ukafungua mpira, ukaukunja, tukaingia ndani kupanga dagaa na unga.

Hilo neno "najua" nimeishi nalo tangu ulipoondoka. Unajua nini? Unajua kuvuta ila siku ile uliacha kwa sababu ni mazoezi? Au unajua tu kwamba mama yako ana maneno mengi? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Jana kazini nilikuwa nafunga maboksi, na kila boksi nikishalifunga nalivuta. Mwenzangu Mama Achieng', yule Mkenya anayekaa pembeni yangu, akaniuliza, "Kwani maboksi yamekukosea nini?" Nikamweleza. Akasema, "Huyo ni nesi, mama. Anadunga watu sindano. Bomba la choo litamshinda?" Nikamwambia sindano hajafundishwa na mimi.

Nikwambie na la moyoni, maana barua haina haya. Asubuhi hii kuna kipande changu kinachotaka sikio moja lisikamate. Kidogo tu. Viatu tu vichafuke. Ukasirike, ugeuze gari, na kesho uwe umekaa hapa mbele yangu unakunywa chai iliyopoa unanilalamikia. Ningekufulia viatu hivyo kwa mikono yangu, ningekupikia wali wa nazi, na ningesema pole huku nimefurahi. Halafu nikageuka nikaona ile picha yako ya kuhitimu juu ya friji, umevaa joho linaburuta, na nyuma yako naonekana mimi navuta kola yako ikae sawa. Hata pale nilikuwa navuta. Nikaona basi, Mama Tumaini, yatosha. Nimeketi tena. Nimeomba masikio yote mawili yakamate.

Ila kabla sijasahau, kwa ajili ya huko mbele. Mpira mweupe ni wa maji ya kunywa, usikae kapu moja na ule wa kahawia, usiguswe na glavu, usiazimwe hata na jirani mwema. Shimo la kambi likiwa pana, mwisho wa mpira uwekee jiwe zito, la sivyo unaruka. Anza na nyeusi, ikiisha funga, halafu kijivu, ili maji ya sabuni yasafishe njia. Ukimaliza inua mpira kuanzia upande wa gari, unyanyue hatua kwa hatua mpaka yote yashuke. Nawa na ndimu. Nimekuwekea mfuko mzima wa ndimu chini ya sinki, nyuma ya kopo. Usicheke. Kopo lazima.

Tumaini, nimeacha kuandika kwa muda. Bakuli limelia.

Simu imetetemeka ndani ya bati, sinia likaruka, nikadhani ni king'ora cha moto. Nimepanda kiti kuishusha. Ni wewe. Picha moja na sauti yako.

Picha nimeitazama kwanza, maana kusikia niliogopa. Mpira umelala juu ya vile vipande vya mbao alivyokukatia baba yako, unashuka vizuri, hauna bonde hata moja. Mwisho kuna jiwe, kubwa, umelitoa ziwani nadhani. Glavu mpya umezianika kwenye kioo cha gari, na kwenye vidole umepaka rangi nyekundu ya kucha.

Halafu nikasikiliza sauti. Na umeongea Kiswahili, mwanangu, mwanzo mpaka mwisho, kile chako cha kujikwaa. Nakirudia hapa na wengine wakisome, na wewe usione haya:

"Mama, shikamoo. Sijapiga simu, hii ni sauti tu, kwa hiyo ahadi haijavunjika. Nimefunga, nikaona imeshika sawasawa. Nikavuta kidogo, ikatoka. Sikio moja halikuwa ndani, Mama. Ukitazama lilikuwa ndani. Nikarudisha, nikavuta tena, ikakataa kutoka. Kuna mzee mmoja jirani alikuwa ananitazama, ameniuliza kwa nini navuta na kila kitu kimeshafungwa. Nimemwambia mama yangu anavuta. Akaenda kuvuta wa kwake, ukatoka. Sasa mkewe ananipikia keki. Mama, mgeni ameondoka salama. Halafu usimwambie Baba nimekwambia, lakini alinipigia asubuhi. Alisema anaulizia hali ya hewa. Halafu akauliza kama nimevuta."

Nimeisikiliza mpaka nimeizoea kama wimbo. Baba yako. Mwenye kutoa hukumu, mwenye kunishikisha chupa ya chai kwa mikono miwili. Leo akirudi nitamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa hali ya hewa ya Sudbury ikoje, na nitamtazama usoni.

Machozi yamenitoka kidogo, ya heri. Nimeyafuta na kanga, na kanga yenyewe ndiyo ile ya maua yaliyofifia. Kumbe nimeivaa tangu asubuhi bila kujua.

Sasa sikiliza, mama. Makubaliano ni makubaliano. Umeweza, basi usigeuze gari. Kula keki ya watu, uwaachie ndimu mbili tatu, na kesho uendelee na njia yako mpaka Alberta. Wagonjwa wanakusubiri huko. Mimi huku nitakutumia picha ya barua hii kwa simu, halafu nitaipeleka kwa Mzee Pereira nikienda kazini, basi la Kipling linapita karibu na kwake. Nitamwambia abadilishe makosa ya herufi lakini asibadilishe kugombeza.

Ukifika, tafuta nyumba yenye dirisha la jikoni. Nikipata likizo nitakuja. Na siku nitakayofika, kama bado unaishi ndani ya gari, wewe ndiye utakayefunga mpira, na mimi nitakaa kwenye kiti cha nje na chupa ya chai, niwapungie mkono wanaopita.

Nakubusu paji la uso, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
ambaye hakupiga simu.